Luninga Inapokwama: Kasi Inapotelea Wapi?

Luninga ya kisasa ikianza kukwama katikati ya mechi, jibu la haraka katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi huwa moja: kifurushi ni kidogo, tuongeze. Mwenye nyumba anapanda kutoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 20, kisha 40. Bili ya mwezi inapanda nayo, na kile kiduara kinaendelea kuzunguka katikati ya kioo. Fedha inayopotea kwa namna hiyo inaniuma, kwa sababu tatizo lenyewe linachunguzika, na mtu yeyote mwenye simu na saa moja ya jioni anaweza kulichunguza mwenyewe.

Tuanze na hesabu, maana yenyewe inaondoa dhana nyingi. Netflix inapendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya mistari 720, megabiti 5 kwa picha ya mistari 1080, na megabiti 15 kwa picha ya 4K. YouTube kwa 4K inataja megabiti 20. Kwa hiyo nyumba inayolipia 20, hata ikiwasha luninga mbili za 1080 huku watoto wakiperuzi kwenye simu, ina za kutosha na kubaki. Ikikwama nyumba hiyo, upungufu hauko kwenye mkataba. Ama kasi inapotea kati ya ruta na luninga, ama haifiki kabisa nyumbani katika saa inayohitajika. Kifurushi kikubwa zaidi hakitibu la kwanza, na mara nyingi hakitibu la pili.

Vipimo navyo vichungwe. Mikataba huandikwa kwa megabiti, ilhali simu na kompyuta zinapopakua faili huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Anayeona MB 2.5 kwa sekunde anapata megabiti 20 kamili, ingawa wengi wakiona namba hiyo hudhani wameibiwa.

Ili kujua pa kutafuta, ni lazima kuelewa picha inavyofika. Filamu haitumwi nzima. Hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande huhifadhiwa kwenye seva katika viwango kadhaa vya ubora, kuanzia cha ukungu hadi cha 4K. Programu iliyo ndani ya luninga ndiyo inayochagua: inapima kipande kilichopita kilifika kwa muda gani, kisha inaomba kinachofuata katika kiwango inachoamini kitawahi. Apple ilileta utaratibu wake wa HLS mwaka 2009, na DASH ikawa kiwango cha kimataifa mwaka 2012. Takribani kila huduma kubwa ya video leo inatumia mojawapo ya taratibu hizo mbili. Vipande vilivyowahi kufika hukaa ndani ya luninga kama akiba, na mtazamaji huonyeshwa kutoka kwenye akiba hiyo. Kiduara kinatokea akiba inapoisha.

Ukishalijua hilo, dalili zinaanza kusema. Picha ikipungua ubora lakini ikaendelea kwenda bila kusimama, kasi ni ndogo ila ni tulivu. Programu imeshuka ngazi na inakula kulingana na kinachopatikana. Picha ikiwa safi kabisa, kisha ikasimama ghafla, ikarudi safi, ikasimama tena, hapo kasi ya wastani ni nzuri ila mawasiliano yanakatika kwa sekunde kadhaa kila mara. Hali hii ya pili ndiyo inayolalamikiwa zaidi majumbani, na kwa maoni yangu ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi, kwa sababu mtu hupima kasi, akaona 18 au 20, akaapa kwamba intaneti ni nzima na luninga ndiyo mbovu. Kipimo cha sekunde 15 kinaweza kupita katikati ya vipindi viwili vya kukatika bila kugusa hata kimoja. Pima mara kadhaa mfululizo, hasa wakati picha imesimama.

Dalili ya tatu ni picha inayorukaruka au sauti inayoachana na midomo, bila kiduara chochote. Hiyo mara nyingi haihusiani na intaneti. Ni luninga inayoshindwa kufungua video kwa wakati. Na kama programu moja tu inasumbua huku nyingine zote zikienda vizuri, tatizo liko kwenye programu hiyo au kwenye seva zake, na hakuna fundi wa mtaani atakayelimaliza.

Matangazo ya moja kwa moja yana shida yake. Filamu iliyorekodiwa inaruhusu luninga kujiwekea akiba ya dakika nzima au zaidi. Mechi inayochezwa sasa haiwezi kuwekewa akiba ya mbele, kwa kuwa mbele bado haijatokea. Akiba inabaki ya sekunde chache, na kukatika kudogo ambako filamu ingekumeza bila mtazamaji kujua kunasimamisha mpira golini. Ndiyo maana nyumba ile ile inatazama tamthilia Jumatano bila tatizo, kisha Jumapili mechi inaharibika. Hakuna aliyehujumu.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana huko ndiko kasi nyingi inakopotea.

Ruta za majumbani hurusha waifai kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ina njia tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Katika jengo la ghorofa lenye kaya ishirini, kila moja na ruta yake, njia hizo tatu zinagombaniwa na wote, pamoja na vifaa vya bluetooth, na pamoja na maikrowevu, ambayo hupasha chakula kwa masafa hayo hayo. Ya 5 ina njia nyingi zaidi na kasi kubwa zaidi, lakini hudhoofika upesi ikikutana na ukuta. Na kuta zetu si za mbao wala za jasi. Ni tofali za saruji, nguzo za zege zenye nondo, na kwenye nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mji wa Kale wa Mombasa ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba chumba cha pili kinaweza kukosa waifai kabisa. Ushauri unaosomwa kwenye vijitabu vya ruta uliandikwa kwa kufikiria nyumba nyingine.

Kisha kuna fundi. Anayeleta waya wa faiba huiweka ruta pale waya unapoingilia, kwa sababu ndipo pa rahisi: kona ya ukumbi, juu ya mlango, wakati mwingine jikoni karibu na friji. Mwenye nyumba naye akiona waya zinachafua sebule huificha ruta ndani ya kabati la luninga au nyuma ya kioo chenyewe. Hapo nyuma ndipo pabaya. Luninga nyingi zina bamba la chuma mgongoni na antena ndogo ya waifai iliyobanwa humo humo ikitazama ukuta. Simu iliyo mkononi mwako, hatua mbili kutoka kwenye luninga, inaweza kupata kasi mara kadhaa ya ile inayoipata luninga. Kwa hiyo kupima kwa simu peke yake hakutoshi. Fungua tovuti ya fast.com kwa kivinjari cha luninga yenyewe, au tumia kipimo kilicho ndani ya programu ya Netflix, kisha linganisha na simu iliyowekwa pale pale.

Jaribio linalomaliza ubishi ni la waya. Chukua waya wa intaneti wa mita chache, chomeka upande mmoja kwenye ruta na mwingine nyuma ya luninga, kisha tazama kile kile kilichokuwa kinakwama. Kikienda vizuri, umejua: waifai ndiyo mkosaji, na mtoa huduma hana kosa. Kikikwama vile vile, waifai imeachiwa huru na unaweza kutafuta kwingine. Nimeona watu wanaodharau tundu hilo la waya kwa sababu katika luninga nyingi linaishia megabiti 100. Mia moja ni mara tano ya kinachohitajika na 4K ya YouTube, na zinafika bila kukatizwa na jirani.

Asiyetaka waya sebuleni aisogeze ruta hadi mahali pa wazi, juu ya usawa wa kiuno, na aiunganishe luninga na masafa ya 5 kama viko chumba kimoja, au 2.4 kama kuna ukuta kati. Vile vifaa vidogo vya kuongeza waifai vinavyochomekwa kwenye soketi ninavipendekeza mwisho kabisa. Vingi vinapokea na kurusha kwa redio moja, hivyo kasi inayofika upande wa pili hupungua karibu nusu, na kikiwekwa pale ambapo mawimbi tayari ni dhaifu kitarudia udhaifu huo huo kwa nguvu.

Luninga yenyewe hukaguliwa mara chache, labda kwa sababu ndiyo kifaa ghali kuliko vyote sebuleni na hakuna anayetaka kuishuku. Luninga nyingi za bei ya kati zina kumbukumbu ya gigabaiti 1 au 1.5, na hifadhi ya gigabaiti 8, ambayo sehemu yake kubwa inachukuliwa na mfumo. Zikijazwa programu, menyu zinakuwa nzito na programu ya video inakosa nafasi ya kuweka akiba. Kufuta programu zisizotumika, kusafisha data za muda, kusasisha mfumo, na kuizima luninga kwenye soketi badala ya rimoti tu, husaidia kuliko watu wanavyoamini, kwa kuwa rimoti huilaza tu luninga na takataka za wiki nzima zinabaki kwenye kumbukumbu.

Umri nao ni jambo la kukubali. Video za mtandaoni hubanwa kwa kodeki, na kodeki zinabadilika: H.264 ya mwaka 2003, kisha HEVC na VP9 za mwaka 2013, kisha AV1 ya mwaka 2018. Luninga isiyo na chipu ya kufungua kodeki mpya ama hupewa picha ya kiwango cha chini, ama hujaribu kuifungua kwa nguvu za kichakataji na kuanza kurukaruka. Hakuna mpangilio wa kuirekebisha. Vilevile vyeti vya usalama huisha muda: tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja mama kilichotumiwa na tovuti nyingi kiliisha, na vifaa vya zamani visivyosasishwa vikashindwa kuzifungua huku intaneti ikiwa nzima. Hata saa ya luninga ikiwa na tarehe isiyo sahihi hutoa matokeo hayo hayo. Kwa luninga ya namna hii, kijiti cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI kutoka kampuni inayotambulika ni nafuu kuliko luninga mpya na huondoa karibu yote.

Nasema kampuni inayotambulika kwa makusudi. Masoko yetu yamejaa visanduku vya Android visivyo na jina, vinavyouzwa kwa ahadi ya chaneli zote bure. Mwezi Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya aina hiyo vilivyoambukizwa, vingine kabla hata ya kununuliwa, na mwezi uliofuata Google ilifungua kesi ikisema vifaa vilivyoathirika vimezidi milioni 10. Kisanduku kama hicho huikodisha intaneti ya nyumba yako kwa wageni usiowajua. Mtu analalamika kwamba intaneti ni nzito usiku, kumbe mpangaji asiyelipa amekaa chini ya luninga. Kama unacho na hujui kilikotoka, kichomoe kwanza kabla ya kumpigia mtoa huduma.

Kuhusu vifurushi vyenye kikomo sitasema mengi. Netflix inakadiria hadi GB 3 kwa saa kwa picha safi ya kawaida na hadi GB 7 kwa saa kwa 4K. Anayewasha luninga kwa bando la simu afanye hesabu hiyo mapema. Hata huduma zinazoitwa za bila kikomo mara nyingi zina matumizi ya haki, yaani baada ya GB kadhaa kasi hushushwa. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kasi inashuka siku moja ya mwezi na inabaki chini ile ile asubuhi, mchana na usiku, hadi mwezi mpya.

Kasi inayoshuka jioni peke yake ni jambo jingine, na hapa ndipo lawama inapohamia kwa mtoa huduma. Faiba nyingi za majumbani hutumia mfumo wa GPON, ambamo laini moja yenye gigabiti takribani 2.5 za kushusha hugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64. Mgawanyo huo wenyewe haudhuru. Nyumba 64 zikitazama 4K kwa pamoja zingehitaji chini ya gigabiti 1.3. Msongamano hutokea zaidi nyuma yake, pale mtoa huduma anapounganisha mitaa mingi kwenye uwezo mdogo alioununua. Kwenye intaneti ya mnara wa simu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu kila simu ya mtaa inagawana mawimbi hayo hayo, na saa mbili usiku kila mtu yuko nyumbani. Mwenye dishi la setilaiti, kama wengi Kenya tangu Starlink ilipoanza huduma huko Julai 2023, aangalie juu: tawi la mwembe au mnazi likikatiza anga kwa sekunde chache, picha safi inasimama kwa sekunde hizo hizo.

Kabla ya kumlaumu mtoa huduma, hata hivyo, angalia kinachopanda kutoka nyumbani mwako. Kamera za ulinzi zinazotuma picha mtandaoni mchana kutwa, na simu inayohifadhi nakala za picha za harusi, zinaweza kuijaza njia ya kupandisha, ambayo kwa huduma nyingi ni nyembamba kuliko ya kushusha. Ikijaa, maombi ya luninga ya kipande kinachofuata yanasubiri foleni ndani ya ruta, na akiba inaisha ingawa njia ya kushusha iko tupu. Zima kamera hizo kwa dakika kumi, utazame.

Na nyaya za baharini? Watu hupenda kuzitaja. Ni kweli kwamba tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, wakati nyaya nyingine katika Bahari ya Shamu zilikuwa zimekatika tangu Februari, na Afrika Mashariki yote ikahisi. Lakini siku kama hizo ni chache, na hutangazwa. Siku za kawaida, video maarufu haivuki bahari kila unapoibonyeza. Google na Netflix hutoa seva za kuhifadhi nakala ziwekwe ndani ya mitandao ya watoa huduma, na vituo vya kubadilishana mawasiliano, TIX ya Dar es Salaam tangu mwaka 2004 na KIXP ya Nairobi, huruhusu mitandao ya ndani kukutana bila kupitia Ulaya. Ndiyo maana YouTube inaweza kwenda vizuri huku tovuti ndogo inayorusha mechi kwa wizi ikikwama kila dakika: hiyo ya pili inatoka mbali na haina nakala hapa.

Hapo pia ndipo VPN na kubadilisha DNS vinapoingia, na ushauri unaosambaa kuvihusu mara nyingi ni wa kubahatisha. VPN yenye seva London huipeleka video London na kuirudisha, hata kama nakala yake ilikuwa Dar es Salaam. DNS nayo ndiyo inayosaidia huduma kuamua ikuelekeze kwenye seva ipi. Ukiacha ya mtoa huduma wako ukaweka ya nje, unaweza kuelekezwa kwenye nakala iliyo karibu au iliyo mbali zaidi. Jaribu, upime, na kama hakuna mabadiliko rudisha ilivyokuwa.

Msimamo wangu ni huu. Anayekwama afanye mambo kwa mpangilio: waya kwanza, kisha kifaa kingine badala ya luninga, kisha kuzima vinavyopandisha, kisha kupima saa nne asubuhi na saa mbili usiku kwa wiki moja, akiandika. Kama kwa waya asubuhi anapata 20 na usiku anapata 3, ana ushahidi ambao mtoa huduma hawezi kuujibu kwa kumwambia azime ruta na kuiwasha. Apeleke maandishi hayo kwa mtoa huduma, na asiporidhika aende TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kama yuko huko.

Mamlaka hizo nazo zinaweza kufanya jambo moja kubwa. Uingereza, tangu Mei 2018, matangazo ya intaneti ya majumbani yanayotaja kasi yanatakiwa kutaja ile ambayo angalau nusu ya wateja wanaipata kati ya saa mbili na saa nne usiku, saa ambazo watu wanatazama. Naomba kanuni kama hiyo iandikwe hapa kwetu, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na namba ya usiku ichapwe kwenye kila tangazo la kifurushi kwa herufi kubwa sawa na bei yake.